Kutembea kwa Miguu Visiwa vya Ssese na Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila marafiki wanapoanza kujipanga kwenda Ssese na mabegi mgongoni. Tumeanza na ya msingi, na yale ya nadra yako mwishoni. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwingine tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kuamua

Ssese ni wapi hasa, na kisiwa gani kinafaa kwa siku kadhaa za kutembea?

Ssese ni visiwa vilivyo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, nchini Uganda, ndani ya wilaya ya Kalangala, ambayo inahesabiwa kuwa na visiwa 84. Baadhi havina mkazi hata mmoja. Kwa kundi linalokwenda mara ya kwanza, jibu ni Bugala. Ndicho kikubwa kuliko vyote, kina mji wa Kalangala, kituo cha afya, barabara kuu inayotoka Luku hadi Mulabana kupitia Kalangala, na njia nyingi ndogo zinazoshuka hadi mialo ya wavuvi, yaani mahali boti zao zinapotia nanga. Mkichoka au mkipatwa na jambo, bodaboda haiko mbali.

Bukasa ni kwa wale waliokwisha kuizoea Bugala. Kuna msitu zaidi, watu wachache, na huduma chache. Banda ni kidogo. Mtu hukizunguka kisha akalala kwenye mchanga. Ngamba usikiweke kwenye mpango wa kutembea: ni makazi ya sokwe waliookolewa, yaliyoanzishwa mwaka 1998, na mgeni huenda kwa ziara iliyopangwa, hakatizi msituni apendavyo.

Je, ni kupanda mlima?

Hapana. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Bugala vinainuka kidogo tu kutoka hapo. Kinachomaliza nguvu ni joto lenye unyevu, jua la ikweta, na ile shuka-panda kati ya kilimani na mwaloni. Aliyezoea kutembea saa tatu au nne bila kulalamika ataweza.

Tutatembea msituni siku zote?

Swali hili nalijibu kwa urefu, maana wengi hufika na picha isiyo ya kweli, kisha wanakasirikia kisiwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa hili, Buganda na Busoga. Serikali ya kikoloni ikawaondoa wakazi wa Ssese na kuwapeleka bara. Kwa miaka mingi visiwa vikakaa karibu vitupu, na msitu ukachukua mashamba na viwanja vya watu. Kabla ya hapo Wasese walikuwa mafundi wakubwa wa mitumbwi. Ile mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa, yenye omo iliyochomoza mbele, ndiyo iliyobeba wapiganaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, ziwani. Kwa hiyo msitu unaoonekana kama haujaguswa tangu dunia iumbwe, mara nyingi umeota juu ya maskani ya watu. Ukilijua hilo unatembea kwa adabu zaidi.

Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, sehemu kubwa ya Bugala ilipandwa michikichi kwa ajili ya mawese. Msitu mwingi ulikatwa. Kuna wakulima wadogo ambao michikichi hiyo imewasomeshea watoto, na kuna wavuvi na wazee wanaousikitikia msitu. Mtakutana na wote njiani, wasikilizeni wote. Kwa miguu yenu, maana yake ni kwamba siku nzima inaweza kupita katikati ya michikichi. Humo pande zote zinafanana: mistari imenyooka, makuti yaliyokatwa yamelazwa kati ya mistari, na vikonyo vyake vina miiba inayotoboa soli nyembamba. Hakuna upepo, na kivuli chake hakipoozi.

Msitu uliobaki upo, na ni mzuri sana. Ule unaoshuka kutoka Kalangala kwenda ghuba ya Lutoboka utawapa hondohondo wanaopiga kelele juu ya vichwa, tumbili, vipepeo kwenye tope, na mkibahatika kasuku wa kijivu. Anayetaka msitu tu, aende Bukasa.

Siku ngapi zinatosha?

Siku nne za kutembea, na moja ya akiba. Hiyo ya akiba haina mjadala. Visiwani ratiba haiwi yenu, ni ya ziwa na vyombo vyake. Kundi linalopanga kurudi Jumapili jioni ili Jumatatu asubuhi liwe kazini Kampala linajitia presha, na presha ndiyo inayowapandisha watu boti ambayo wasingeipanda. Tazama pia "Chombo kimeahirishwa, tufanye nini?"

Twende mwezi gani?

Juni hadi Agosti, au mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ni nyingi na njia za msituni hugeuka utelezi. Lakini kisiwa kikiwa katikati ya ziwa hakikosi mvua yake mwaka mzima, kwa hiyo koti la mvua libebeni hata Julai. Katikati ya mwaka upepo wa kusini huchafua ziwa, na wenye kichefuchefu wajiandae.

## Kufika na kuondoka

Tupite Entebbe au Masaka?

Piteni kote kuwili: ingieni kwa mlango mmoja, tokeni kwa mwingine. Hapo mtakuwa mmekivuka kisiwa bila kurudia njia.

Upande wa Entebbe, meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo na kufika Lutoboka. Kwa miaka mingi utaratibu wake umekuwa kuondoka saa nane mchana, kufika jioni baada ya safari ya saa tatu na nusu hivi, kisha kurudi saa mbili asubuhi ya siku ifuatayo. Hupelekwa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni wiki hiyohiyo, msitegemee alichoambiwa rafiki mwaka jana. Fikeni mapema kukata tiketi, hasa mwisho wa wiki na sikukuu.

Upande wa Masaka, mnafika Bukakata na kuvuka kwa feri hadi Luku. Feri hiyo ni bure, inabeba magari na watu, na inakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana napendelea watu waanze Lutoboka na kumalizia Luku: mkichelewa safari moja, mnasubiri nyingine. Pale Luku utaona malori ya chikichi yamepanga foleni, akina mama wenye vikapu vya samaki wa moshi, na bodaboda wakiita abiria hata kabla mlango wa feri haujagusa nchi kavu. Wenye miguu hupita pembeni, msisimame mbele ya malori.

Boti za mbao je?

Kutoka Kasenyi, karibu na Entebbe, boti za mbao zenye injini huenda visiwa vingi ambavyo meli haifiki, Bukasa na Banda vikiwemo. Bila boti hizo visiwa hivyo havifikiki kirahisi, na manahodha wengi wanalijua ziwa kama ua la nyumba yao. Lakini masharti yawe haya: mchana tu, jaketi la kujiokolea kwa kila mmoja na limefungwa mwilini tangu ufukweni, na mkiona boti imejaa kupita kiasi mnashuka. Novemba 2018 boti ya starehe ya MV Templar ilipinduka upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Haikuwa mbali na nchi kavu.

Kama majaketi ya boti yameoza kamba, na mara nyingi yameoza, nunueni au kodini yenu Kampala. Ni mzigo, ndiyo. Bebeni.

Nyaraka gani zinahitajika?

Kitambulisho cha taifa kwa Waganda. Askari wanaofanya doria ziwani husimamisha boti na kuuliza. Wakenya na Wanyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na hati ya kusafiria. Wanaotoka nje waje pia na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

## Siku za njiani

Tufuate njia ipi?

Mpango unaofanya kazi kwa makundi mengi ni huu. Siku ya kwanza mnafika Lutoboka jioni na kulala hapohapo. Siku ya pili ni ya msitu na fukwe kati ya Lutoboka, Kalangala mjini na mwalo wa Mwena, mabegi mkiwa mmeyaacha mnakolala. Miguu inajipima bila mzigo. Kisha siku mbili au tatu za kuelekea Luku, zaidi kidogo ya kilomita 30 kwa barabara. Msifuate barabara yote. Shukeni mwaloni, pandeni tena, pumzikeni vijijini. Mahali pa kulala katikati ya njia papangwe kabla hamjaondoka Kalangala.

Kilomita 12 hadi 15 kwa siku zinatosha. Anzeni saa moja asubuhi, na saa saba mchana muwe mmetua mizigo.

Tunahitaji mwenyeji wa kutuongoza?

Ndiyo, hata kama simu ina ramani. Ramani haikwambii njia ipi imefungwa na shamba jipya la michikichi, wala mwalo upi umehamishwa. Muulizeni mnayelala kwake awape mtu anayemwamini, kisha pataneni malipo ya siku nzima pamoja na chakula chake, kabla ya hatua ya kwanza.

Kuna ruhusa yoyote ya kuomba?

Mkilala nje ya nyumba za wageni, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Msichukulie kuwa ni urasimu. Kijiji kikijua nyinyi ni akina nani, usiku mnalala, na kukitokea jambo kuna mtu wa kumwamsha. Semeni mko wangapi, mnatoka wapi, mnaondoka lini. Misitu ya hifadhi iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na hapo msipige hema wala kuwasha moto bila kuruhusiwa.

Tulale kwenye hema au nyumba za wageni?

Changanyeni. Lutoboka na Kalangala zina nyumba za wageni za kila bei, na nyingi zinaruhusu kupiga hema kwenye uwanja wao. Kwenye hema angalieni mambo mawili. Msikae karibu na matete na kingo za matope, kwa sababu ya viboko na mamba. Na kabla ya kutandika, mzunguke mahali hapo na tochi mkitafuta mstari wa siafu. Siafu wakiamua kupita kwenye hema lenu usiku wa mvua, mtahama nyinyi.

Maji ya kunywa?

Ziwa liko kila upande na msilinywe. Chemsheni, au tumieni vidonge vya klorini na mngoje muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mialoni kuna watu wengi na vyoo vichache, na kipindupindu si hadithi ya zamani. Kila mtu aanze siku na lita tatu.

Tubebe chakula cha siku zote?

Hapana, mtajiumiza bure. Kalangala mtapata soko, na mialo mingi ina mama anayepika: sangara au sato, mukene (dagaa), posho (ugali), matoke, mihogo, na chapati ya mayai ile iitwayo rolex. Bebeni mlo mmoja wa akiba kwa kila mtu, karanga, ndizi mbivu na chumvi. Mwaloni fikeni kabla ya saa saba. Baadaye kilichobaki ni chai.

Begi liwe na nini?

Lisizidi kilo 10 kabla ya maji. Buti zenye soli ngumu (tazama habari ya miiba hapo juu), suruali ndefu, koti la mvua, chandarua, tochi ya kichwani, pawabenki, sabuni, dawa ya kuhara, chumvi za kuongezea maji mwilini, plasta za malengelenge. Kila kitu cha thamani kiwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa sababu ya boti.

Tunaweza kuogelea?

Mtaambiwa na watu wema kabisa kwamba maji ya Ssese hayana kichocho. Msiamini. Kichocho kiko Ziwa Viktoria, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale watu wanapooga na kufua. Anayeogelea hata hivyo achague maji yasiyo na majani, asikae sana, ajifute vizuri akitoka. Kisha apime wiki sita hadi nane baadaye, kwa kuwa kipimo cha mapema mno huweza kukosa ugonjwa uliokwisha kuingia. Tiba ipo, ni vidonge vya prazikwanteli.

Mbu? Nyoka? Wanyama?

Mbu ndio hatari kubwa kuliko vyote. Malaria ya visiwani ni ya mwaka mzima, na aliyekulia mahali pa baridi ajue mwili wake haujaizoea. Ongeeni na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na chandarua kitumike hata kwenye nyumba yenye feni.

Nyoka wapo, akiwemo swila wa msituni na wale wa jamii ya bafe wanaolala kwenye majani makavu. Kanyageni mnapopaona, msitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Nzohe, swala wa kwenye vinamasi, yumo visiwani pia, ila kumwona ni bahati. Na siku nyingine mtaona kama moshi mweusi umesimama juu ya maji: ni vijidudu vya ziwani, mamilioni. Haviumi. Zimeni taa, fungeni mdomo, vitapita.

Kiswahili kinatosha?

Mialoni mara nyingi kinatosha, kwa kuwa wavuvi wametoka Tanzania, Kenya na Kongo na wanakutana katika Kiswahili. Vijijini lugha ni Luganda, na wazee wana Lusese yao. Kumbukeni pia kwamba Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi kwa muda mrefu, na wapo wazee ambao bado kinawakumbusha vizuizi vya barabarani na amri. Kwa hiyo msianze nacho kwa sauti kubwa. Anzeni na "Wasuze otya ssebo" au "nnyabo" asubuhi, "Osiibye otya" mchana, ngojeni mwitikio hadi mwisho wake, kisha ombeni kuendelea kwa Kiswahili. Uso wa mtu hubadilika palepale.

Mtandao na pesa?

Kalangala na mialo mikubwa ina mtandao na mawakala wa pesa za simu. Lakini wakala huishiwa taslimu, hasa wavuvi wakiuza vizuri. Toeni pesa Entebbe au Masaka, noti ndogondogo, na mzigawanye kati ya watu wawili.

## Mambo ya kundi

Tuwe wangapi?

Wanne hadi sita. Wakizidi hapo, mama wa mwaloni hana samaki wa kutosha na bodaboda za dharura hazitoshi.

Michango tuifanyeje tusigombane?

Mchange kabla ya kuondoka, kiasi kimoja kwa wote, kikae kwa mhazini mmoja anayeandika kila shilingi. Nauli, vyakula, mwongozaji na malazi vitoke humo. Bia na mengineyo ni mfuko wa mtu mwenyewe. Muweke na fungu la dharura lisiloguswa, la kutosha kukodi gari hadi Luku.

Mmoja wetu hana mwendo. Tumwache nyuma na mwongozaji?

Hapana. Yeye ndiye atembee mbele, nyuma tu ya mwongozaji, na wote mwende kwa hatua yake. Wenye miguu mepesi wabebe maji yake. Kundi lililokatika vipande viwili ndani ya michikichi linaweza kupoteza nusu siku kutafutana, na safari hii mmekuja pamoja.

## Yasiyo ya kawaida

Chombo kimeahirishwa, tufanye nini?

Kama ni meli ya Lutoboka, chukueni gari au bodaboda hadi Luku mkavuke kwa feri. Kama mko kisiwa kidogo, ngojeni. Nahodha akisema leo haiendi, asibembelezwe wala kuongezewa pesa. Dhoruba mbaya za ziwa hili huja usiku na alfajiri, pale pepo zinazotoka nchi kavu pande zote zinapokutana juu ya maji yenye joto, na anaziona dalili ambazo nyinyi hamzioni.

Radi ikitukuta njiani?

Tokeni majini na ufukweni mara moja, shukeni kilimani, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Achaneni hatua kadhaa, msikumbatiane. Nyumba halisi ikiwa karibu, ombeni kuingia, hakuna atakayewakatalia.

Mtu ameumia vibaya?

Kalangala mjini kuna kituo cha afya cha daraja la nne, pelekeni huko kwanza. Polisi ni 999 au 112. Aliyeumwa na nyoka alazwe, kiungo kisisogezwe, pete na saa zivuliwe, asichanjwe chale wala asifungwe kamba ya kukata damu, kisha abebwe. Ndiyo maana mwenyekiti wa LC1 anapaswa kuwajua kabla.

Tunaweza kutembelea mahali pa Mukasa, Bubembe?

Mukasa ni lubaale (mungu wa jadi wa Waganda) wa ziwa, na mahali pake kwenye kisiwa cha Bubembe panaheshimiwa hadi leo. Si kivutio cha kupitia njiani. Nendeni na mtu wa hapo, ulizeni yanayotakiwa, vueni viatu mkiambiwa, na kamera ikae ndani ya begi mpaka mruhusiwe. Mkikataliwa, shukuruni mwondoke.

Kulala kisiwa kisicho na watu?

Kwa kundi la mara ya kwanza, hapana. Mnamtegemea nahodha mmoja kuwarudia, na simu huenda isishike. Mkisisitiza: manahodha wawili wawe wanajua mlipo, maji ya siku mbili za ziada, na tarehe ya kurudi aachiwe mtu wa Kalangala.

Nimerudi nyumbani, baada ya wiki mbili nimepata homa. Inahusiana?

Inawezekana sana, na usingoje ipite. Nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Ikiwa uliingia ziwani, mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa visiwani na ulioga, maana kichocho kichanga nacho huleta homa, kikohozi na mwili kuwasha wiki chache baadaye, na asiyeambiwa hawezi kukiwazia. Wajulishe na wenzako mliokuwa pamoja, walikunywa na kuoga maji yaleyale.